Dyuki si Mwanamfalme

Mara nyingi mfasiri wa Kiswahili anapokutana na cheo cha duke katika historia ya Uingereza hukimbilia neno mwanamfalme. Neno ni zuri, lakini hapo halipo mahali pake.

Tumtazame Mfalme Edward wa Tatu. Wanawe watano waliofikia utu uzima wote walikuwa wana wa mfalme kwa kuzaliwa. Udyuki waliupata kwa kupewa. Edward, mkubwa wao, alipewa Cornwall mwaka 1337, na huo ndio udyuki wa kwanza katika Uingereza. Lionel alipata Clarence na John akapata Lancaster mwaka 1362. Edmund alipewa York na Thomas Gloucester mwaka 1385, enzi ya mpwa wao, Richard wa Pili. Zaidi ya hayo, kabla ya John, Dyuki wa Lancaster alikuwa mkwewe, Henry wa Grosmont, ambaye hakuwa mwana wa mfalme yeyote. Tukisema mwanamfalme, tumwite nani tumwache nani?

Wapo wanaopendekeza mtemi, na wengine liwali. Mtemi wa Unyamwezi alikuwa na nchi yake na mila zake za kutawazwa. Dyuki alikuwa chini ya mfalme aliyempa cheo. Liwali naye aliteuliwa na Sultani kusimamia mji, wala hakumrithisha mwanawe kazi hiyo kama shamba. Udyuki ulirithiwa, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Ushahidi ni mwaka 1399. John wa Gaunt alipofariki, mwanawe Henry alikuwa uhamishoni. Mfalme Richard, mtoto wa baba yake mkubwa, akautwaa urithi wote wa Lancaster. Henry akarudi akidai haki ya baba yake. Kabla ya mwaka kwisha, Richard alikuwa amevuliwa taji na Henry ndiye mfalme. Shakespeare aliitungia habari hiyo tamthilia. Mfasiri atakayemwita Gaunt "bwana mkubwa" tu atamwacha msomaji akijiuliza: watu hawa wanagombea nini? Wanagombea jina lenye ardhi ndani yake. Hata vita vya Lancaster na York vilivyofuata katika karne ya 15 vimebeba majina ya udyuki.

Rai yangu ni kwamba tulikope neno lenyewe na kulivika vazi letu: dyuki, madyuki, udyuki. Kinywa kilichozoea kompyuta hakitashindwa na dyuki. Kukopa si unyonge. Sultani, waziri na liwali tuliwapokea kutoka Kiarabu, na leo ni wenyeji. Waingereza wenyewe neno duke walilipata kwa Wafaransa, waliolirithi kutoka Kilatini, ambako maana yake ni kiongozi. Cheo chao cha asili ni earl. Lakini mke wa earl hawakuwa na neno lake, wakaazima countess kwa Wafaransa hao hao. Kama wenye cheo waliazima bila haya, sisi tuone haya ya nini?

Washairi nao wana faida yao. "Mwana wa mfalme" humeza mizani sita au saba, kadiri mtunzi anavyoihesabu l ya katikati, na kipande cha mizani nane hubaki hakina pa kupumulia. Dyuki ni mizani mbili tu; zilizosalia zinatosha kusema alichofanya.

Mwanamfalme tumwachie aliyezaliwa na mfalme. Mtemi abaki Unyamwezi na liwali abaki pwani, kila mmoja na heshima yake. Lugha inayotofautisha baba mkubwa na baba mdogo haiwezi kushindwa kutofautisha aliyezaliwa na aliyepewa.