Si Kila Anayejaza Sahani Ni Mlafi



Katika karamu zetu kuna kicheko nisichokipenda. Mtu mzima akirudi kuongezewa bugali na sombe mara ya tatu, watu hunong'onezana: "Mlafi huyo!" Nasi walimu huafiki upesi, kwa kuwa ulafi umo kati ya vichwa vya dhambi tunavyowafundisha. Mimi naipinga hukumu hiyo. Ulafi upo, sikatai. Lakini mara nyingi tunachokiita ulafi ni kovu la njaa au la hofu, na kovu haliponi kwa kuchekwa.

Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys alianza kuwachunguza wanaume 36 wenye afya. Dhamiri zao ziliwakataza kubeba silaha. Wakajitolea kupunguziwa chakula, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioumizwa na njaa ya vita. Kwa miezi sita walipewa kama nusu ya chakula chao cha kawaida, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mazungumzo yao yakawa chakula tu. Wakalamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula mpaka matumbo yakashindwa, na bado wakasema wana njaa.

Nani atathubutu kuwaita watu hao walafi? Walikuwa wamejitoa kwa ajili ya wenzao! Basi kumbukeni ni wangapi kati yetu waliolala njaa wakikimbia vita, kisha muwatazame upya wale mnaowacheka.

Njaa si mwalimu mbaya pekee. Nami nilikuwa mmoja. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya watoto nikiamuru: "Maliza sahani!" Nilidhani ninafundisha shukrani. Mwaka 1987 mtafiti Leann Birch na wenzake walionyesha kwamba watoto wanaoelekezwa kuitazama sahani hadi iishe husahau kuisikiliza shibe yao. Mtoto aliyezoezwa hivyo anaweza kuwa mtu mzima anayekula kwa amri, asijue tumbo lake linasema nini.

Kula kwa kuusikiliza mwili ni kuanza kwa sababu ya njaa na kuacha kwa sababu ya shibe, si kula ili kutuliza huzuni au upweke. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Tracy Tylka, wa Marekani, alitunga kipimo cha ulaji huo. Katika uchunguzi wake miongoni mwa wanawake wa chuo kikuu, wale walioona kwamba miili yao inakubaliwa na watu walielekea kuithamini, na walioithamini walielekea kuisikiliza wakati wa kula. Basi dhihaka zetu, "umenenepa" kwa huyu na "una ugonjwa gani?" kwa yule, si mzaha mtupu. Zinamfundisha mtu kuuchukia mwili wake, na nani humsikiliza anayemchukia?

Najua mtakalonijibu: "Mwalimu, hayo ni mambo ya matajiri. Anayekula mara moja kwa siku atasikiliza nini?" Mna haki. Asiye na hakika ya kesho hula kilichopo leo, na hiyo ni busara. Lakini jibu lenu linanitetea mimi, halimtetei anayecheka. Ikiwa umaskini umemnyima mtu nafasi ya kuchagua, kwa haki gani tunamwongezea aibu? Mpeni hakika ya chakula kwanza, mahubiri yangoje.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu katika mikutano yenu. Kila mtu ajipakulie mwenyewe. Asilazimishwe yeyote kumaliza, wala asizuiwe kuongeza maadamu wote wamepata. Na mwili wa mwenzenu usiwe kamwe kichekesho cha meza. Atakayeona hayo ni madogo mno, amwulize yule aliyechekwa.