Tuache Kuusingizia Mtandao

Programu ya wavuti ikikwama hapa Kampala, hukumu huwa tayari: mtandao mbovu. Wanafunzi wenzangu wa kompyuta husema hivyo, wahadhiri wetu husema hivyo, na mimi nilisema hivyo kwa miaka miwili. Sasa nasema tunausingizia. Mara nyingi wakosaji ni sisi tunaoandika programu.

Nilisaidia kutengeneza mfumo wa usajili wa chuo kimoja. Siku ya mwisho ya kujisajili, ukurasa wa orodha ya masomo ulichukua karibu nusu dakika kufunguka. Waliotegemea simu walikata tamaa; wengine walipanga foleni ofisini na karatasi mkononi, na dirisha likafungwa kabla hawajafika. Kikao kikaitwa, na upesi tukakubaliana kulipia seva kubwa zaidi. Hakuna aliyeuliza muda unapotelea wapi. Nami sikuuliza.

Seva mpya ikaja. Ukurasa ukabaki vilevile.

Ndipo nilipofanya lililopaswa kutangulia: nikawasha rekodi za hifadhidata, nikahesabu. Ukurasa mmoja wenye masomo 150 ulituma maswali 151 kwa hifadhidata: moja la kuomba orodha, kisha moja kwa kila somo, kuuliza jina la mhadhiri wake. Ni kama mtu atokaye Ntinda kwenda soko la Nakasero kununua nyanya moja, akairudisha nyumbani, kisha akaondoka tena kuifuata ya pili. Na hifadhidata yetu ilikuwa Ulaya, programu ikiwa Kampala. Safari moja ya kwenda na kurudi ilichukua milisekunde 170 hivi. Zidisha mwenyewe: sekunde 25 na ushei. Seva kubwa haifupishi njia ya Ulaya.

Mtu ataniambia, basi si ndio mtandao huo? Umbali ni wa mtandao, sikatai. Lakini aliyeamua kuuvuka mara 151 ni mimi. Niliandika swali moja linalounganisha majedwali mawili, na kwenye kompyuta ya ofisini ukurasa ukafunguka chini ya sekunde moja.

Kwenye kompyuta ya ofisini, nasema. Hapo ndipo ugomvi wangu na idara zetu ulipo. Mwaka 2009 Chris Zacharias, akiwa mhandisi wa YouTube, alipunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100. Wastani wa muda wa kufunguka ukapanda badala ya kushuka! Sababu ni kwamba watu wa Afrika, Asia ya Kusini-Mashariki na kwingineko, ambao awali ukurasa ungewachukua dakika 20, sasa uliwachukua mbili, wakaanza kuutumia. Zamani hawakuwamo hata katika hesabu. Sisi pia tunawapima waliofika tu, tena wenye mashine nzuri: kazi zetu za mwisho husahihishwa kwenye kompyuta ya maabara, waya umechomekwa, projekta inawaka.

Wapo wahadhiri wanaojibu kwamba kasi hushughulikiwa mwishoni, wakimtaja Donald Knuth na makala yake ya 1974. Knuth alionya dhidi ya kuharakisha msimbo kabla ya kujua ni sehemu gani inayochelewesha. Kujua huko hupatikana kwa kupima, na kupima ndiko tunakokukwepa.

Ninachodai ni kidogo. Siku ya kutetea kazi, mwanafunzi aifungue kwa simu ya bei nafuu, kwa data aliyoinunua mwenyewe, na aseme mbele ya jopo ukurasa wake una uzito wa kilobaiti ngapi na unaiuliza hifadhidata mara ngapi. Asiye na simu hiyo atumie Chrome, ambayo ina sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi, bila malipo.

Wangu una kilobaiti 640, na 410 kati ya hizo ni nembo ya chuo. Nitaanza na nembo.