Huduma ya Zamani ya Majina ya Kompyuta Yafikia Ukingoni: Ofisi Zijipange Mapema

Mwananchi anayesubiri stakabadhi dirishani hajui kwamba, kabla karatasi haijatoka, kompyuta ya mtumishi huuliza: printa yenye jina hili ina anwani gani? Mtandao hufanya kazi kwa anwani za tarakimu, ilhali binadamu hukumbuka majina. Huduma inayoviunganisha viwili hivyo ikikatika, kazi husimama hata kama umeme na nyaya vipo.

Katika ofisi zinazotumia Windows, kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na WINS, iliyoanza na Windows NT 3.5 mwaka 1994. Huduma hiyo hutunza majina mafupi ya NetBIOS, yasiyozidi herufi 15. Tangu Windows 2000, mitandao hiyo imejengwa juu ya DNS, mfumo uleule wa majina unaotumika katika intaneti.

Microsoft imetangaza kuwa Windows Server 2025 ndilo toleo la mwisho lenye WINS, na msaada wake utakoma Novemba 2034. Muda huo unaonekana mrefu, lakini hatari haisubiri tarehe. WINS haina njia madhubuti ya kuthibitisha anayesajili jina. Aidha, jina lisipopatikana, kompyuta yenye NetBIOS huweza kuuliza mashine zote zilizo jirani, na mvamizi aliyemo ndani ya mtandao akajibu kwa uongo ili anase taarifa za kuingilia za mtumishi. Kwa Tanzania, ambako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu, udhaifu huo si suala la mafundi pekee.

Hata hivyo, kuizima ghafla nako kuna gharama. Programu kongwe na mashine zilizowekewa majina mafupi zinaweza kunyamaza siku hiyohiyo. Njia salama ni kuorodhesha majina yote yaliyosajiliwa na wanaoyatumia, kuyaingiza katika DNS, kujaribu katika idara moja, ndipo WINS izimwe na NetBIOS ifungwe kwenye kila kompyuta.

Kazi hiyo yafaa ifanyike sasa, wakati watumishi walioujenga mtandao bado wapo kazini. Wakishastaafu bila kuacha kumbukumbu za maandishi, atakayelipa gharama ya ukimya huo ni mwananchi aliye kwenye foleni.