Anga Siyo Anasa, Muulizeni Mvuvi wa Dagaa



Kuna mjadala unajirudia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na leo nausema waziwazi, hata kama baadhi yenu mtanuna. Mwaka 2023 serikali ilipotangaza kwamba inaanza mchakato wa kurusha satelaiti ya kwanza ya Tanzania, vijana wengi wa upande wetu walicheka. "Watoto wanakaa chini darasani, wao wanataka kwenda mwezini!" Posti za namna hiyo zilipata laiki za kutosha. Mimi nasema hapo tunapiga mlango usio wetu. Suala la kuhoji siyo satelaiti. Hoji nani ataijenga, nani ataisoma, na habari zake zitamfikiaje mtu wa Igombe, Kayenze na Ukara.

Nasema hivi kwa sababu mwaka 2024, nikiwa mwanafunzi, nilipata nafasi ya kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa masuala ya anga huko Ulaya. Mtu akisikia mkutano wa anga anawaza roketi na watu wanaoelea. Roketi zipo, sikatai. Lakini vyumba nilivyokaa muda mwingi walikuwa wanajadili mafuriko, mazao, misitu, uvuvi na hali ya hewa. Yaani mambo ya kwetu kabisa. Siku moja ikawekwa ukutani ramani ya Ziwa Victoria, katikati imejaa madoa mekundu ya dhoruba za usiku. Aliyekuwa anaieleza hakuwa mtu wa Mwanza, wala wa Kisumu, wala wa Entebbe. Alieleza vizuri, tena kwa heshima. Ila nilikaa pale nikiwaza: hivi maji ni yetu, maiti ni zetu, maelezo tu ndiyo ya wengine?

Ngoja niwape kilichomo kwenye ramani ile, maana ndiyo hoja yangu. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo mawingu mazito yanajengeka huku juu ya ardhi. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa haraka, ziwa linabaki na joto, upepo unatoka pande zote za nchi kavu na kukutana katikati ya maji. Hewa yenye unyevu inapanda juu, na dhoruba inapigwa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na wanasayansi wa Ubelgiji walichapisha utafiti kuhusu jambo hili wakitumia takwimu za satelaiti. Kazi yao ilionyesha pia kwamba hali ya mawingu ya mchana juu ya ardhi inaweza kutoa dalili ya kitakachotokea ziwani usiku. Maana yake kuna saa kadhaa za kumwambia mtu: leo usiingie.

Na nani yuko ziwani saa hizo? Mvuvi wa dagaa. Huyu anavua usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu dagaa wanafuata mwanga wa taa na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu. Kalenda yake yote ni mwezi. Mbalamwezi ikija anapumzika, anashona nyavu. Msimwambie mtu huyu kwamba mambo ya anga ni ya Wazungu. Anayasoma kila siku, isipokuwa hajawahi kupewa chombo cha kumwonyesha wingu lililo nyuma ya kisiwa.

MV Bukoba, 21 Mei 1996, tunaikumbuka. MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, tunaikumbuka pia, zaidi ya watu 220 walipotea. Zile zilikuwa na sababu zake, na bendera zilishushwa nusu mlingoti. Wanaokufa kwenye mitumbwi wanakufa wawili, watatu, wanne. Hakuna tume wala hotuba. Kuna turubai na familia inayokaa mwaloni siku tatu ikisubiri maji yarudishe mtu wao.

Sasa tuangalie majirani. Ziwa hili tunagawana nchi tatu. Kenya ina asilimia 6 tu ya maji yake. Mei 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa satelaiti ya 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10, uliosukumwa angani kutoka kituo cha kimataifa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Uganda ilipeleka wahandisi wake vijana watatu Kyushu, Japani, wakasoma huku wanajenga, na mwisho wa mwaka 2022 PearlAfricaSat-1 ikaanza kuzunguka dunia. Sisi tulio na takribani nusu ya ziwa, mwaka ule nikiwa ukumbini naulizwa "na ninyi je?", jibu langu lilikuwa kwamba tumetangaza.

Angalieni njia waliyopita wenzetu. Hawakuanza na mradi wa mabilioni. Walianza na vijana, chuo kimoja, na kitu kinachoingia kwenye kiganja. Tanzania vijana wa namna hiyo wapo. Kinachokosekana ni mlango.

Mlango wenyewe nauelezea kwa safari yangu. Waandaaji walinilipia ada ya mkutano na malazi. Nauli ilikuwa juu yangu. Niliandika barua kwenye ofisi kadhaa za umma, nyingine nikazipeleka kwa mkono. Moja nikaambiwa "fungu hilo ni la watumishi". Nyingine hazijajibu hadi leo. Mwisho ndugu na marafiki wakaunda kamati ya mchango kama ya harusi, mama mdogo akiwa mweka hazina, na kila jioni jina la aliyetoa linawekwa kwenye grupu. Viza inaombewa Dar, kwa hiyo ni basi kutoka Nyegezi, usiku kucha, kwenda na kurudi. Nawashukuru walionichangia. Lakini nchi haiwezi kupata wataalamu wake kwa michango ya harusi. Kwa kila mmoja aliye na mama mdogo mwenye uwezo wa kukimbizana na watu, wapo wengi wenye akili kuliko mimi ambao barua yao ya mwaliko imelala sandukuni.

Kwa wanaosema madawati kwanza: mtoto anayekaa chini Sengerema baba yake ni mvuvi. Baba asiporudi, dawati litamsaidia nini? Hivi vitu havigombani. Vinavyogombania fedha na dawati ni mashangingi, posho za vikao na misafara. Huko ndiko tupeleke hasira.

Na tuwe wa haki. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, na Mwanza kuna rada. Picha za satelaiti za Ulaya zinazoitazama Afrika zinafika kila baada ya dakika chache. Tatizo ni kilomita za mwisho, kutoka kwenye kompyuta hadi mwaloni. Hapo ndipo siasa inapoingia, na hapo ndipo tuwe na madai yanayoeleweka.

Moja, onyo la dhoruba lifike kila mwalo jioni kabla mitumbwi haijaingia, kwa simu ya kitochi na kwa bendera, kwa Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe, na BMU iwajibike kulisambaza. Mbili, kuwe na mfuko wa wazi wa wanafunzi wanaoalikwa kwenye mikutano ya kisayansi, majina na kiasi vitangazwe hadharani. Tatu, vijana wa vyuo vyetu wajenge satelaiti ndogo kwa mikono yao, badala ya serikali kununua kubwa dukani na kukata utepe.

Kamanda, mgombea akija mtaani kwako, wa kwao au wa kwetu, muulize hayo matatu. Akianza kucheka habari za anga, mpeleke Kirumba Mwaloni alfajiri, akahesabu na akina mama mitumbwi iliyorudi.