Acheni kuwasema Tottenham kwa mpira wa Kimarekani

Kila Tottenham wakifungwa, na msimu wa 2024/25 walifungwa mpaka wakamaliza nafasi ya 17, lazima kwenye kibanda umiza atokee mtu aseme: "Hawa si timu bwana, hawa wana ukumbi tu." Watu wanacheka, soda zinafunguliwa, hoja inapita bila kupingwa. Mimi si shabiki wa Spurs. Ila hoja yenyewe imenichosha, kwa sababu inamkamata asiyehusika. (Na msimu huohuo walibeba Europa League pale Bilbao, lakini hilo kibandani huwa halisemwi.)

Ukumbi unaosemwa ni uwanja wao mpya wa kaskazini mwa London, wenye viti 62,850, uliojengwa palepale ulipokuwa White Hart Lane. Ule wa zamani walikuwa nao tangu 1899. Mechi ya mwisho pale ilichezwa Mei 14, 2017 dhidi ya Manchester United, na bao la kwanza siku hiyo alilifunga kwa kichwa ndugu yetu Victor Wanyama wa Kenya. Spurs walishinda 2-1, kesho yake wakaanza kubomoa. Walirudi nyumbani Aprili 3, 2019, wakaifunga Crystal Palace 2-0, Son Heung-min akiwa wa kwanza kutikisa nyavu mpya. Katikati hapo walikuwa wapangaji Wembley.

Kabla hata jukwaa moja halijasimama, Julai 2015, klabu ilikuwa imeshasaini mkataba wa miaka 10 na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Angalau mechi mbili kila mwaka. Hapo ndipo maneno yalipoanzia: klabu ya soka inawezaje kuchora ramani ya nyumba yake huku ikimfikiria mgeni?

Mimi nasema hapo ndipo walipopatia. Balaa huwa ni mgeni anayekuja baada ya nyumba kuisha.

Tuliangalie hilo kwa mifano. NFL walianza kucheza Wembley mpya Oktoba 28, 2007, siku ya mvua, na eneo la kuchezea likawa tope tupu. Haukupita mwezi, Novemba 21, Uingereza ikafungwa na Croatia 3-2 kwenye uwanja huohuo uliokuwa bado na makovu, ikakosa Euro 2008, na kocha Steve McClaren akafukuzwa kesho yake. Sisemi nyasi ndizo zilizomfunga McClaren, Croatia walikuwa wazuri. Ila hakuna aliyeuona uwanja ule akausifia.

Mfano wa pili unachekesha zaidi, kwa sababu Spurs walijichimbia wenyewe. Uwanja wao ulipaswa kumpokea mgeni wa kwanza wa NFL Oktoba 14, 2018. Ujenzi ukachelewa. Mechi ile ikahamishiwa Wembley, ambako tayari kulikuwa na nyingine mbili, kwa hiyo Jumapili tatu mfululizo mijitu ile ikalima nyasi za Wembley. Jumatatu, Oktoba 29, siku moja tu baada ya mechi ya tatu, Tottenham wakaikaribisha Manchester City hapohapo. Mliokuwa mnaangalia mnakumbuka: vipara katikati, mistari ya mchezo mwingine inaonekana, na alama ya NFL bado imejichora kwenye duara la kati kama doa la chai kwenye shati jeupe. City walishinda 1-0 kwa bao la Mahrez, na dakika za mwisho Lamela akapaisha nafasi ya wazi kabisa.

Kwa nini mchezo ule unaharibu nyasi kiasi hicho? Ukiutazama mara moja tu unaelewa. Kwenye soka mchezaji anakimbia anapita. Kule, wanaume wenye kilo 130 au 140 wanapangwa uso kwa uso, wanachimbia njumu chini, halafu wanasukumana palepale, mara nyingi zaidi ya mia kwa mechi moja. Ongeza rangi za namba na nembo, ongeza makumi ya wachezaji wa akiba waliosimama pembeni mwa mstari wakikanyaga. Nyasi ni kiumbe hai jamani, inahitaji kupumua.

Sasa angalia Tottenham walifanya nini. Eneo lao la soka limekaa juu ya masinia matatu makubwa ya chuma, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 3,000. Mechi ya NFL ikikaribia, masinia yanaachana, yanateleza kwenye reli na kuingia chini ya jukwaa la kusini kwa muda wa takriban dakika 25. Yamegawanywa matatu ili yapite katikati ya nguzo zinazolibeba jukwaa lile la watu 17,500. Chini yake, mita moja na nusu hivi, kuna zulia la nyasi bandia lililokuwa likisubiri muda wote. Wamarekani wanachezea hapo. Nyasi halisi ipo gizani lakini imewashiwa taa zake, inakua, haijaguswa na njumu hata moja.

Na ule ushukaji wa mita moja na nusu una maana yake. Kwenye NFL timu nzima inasimama pembeni mwa uwanja, kwa hiyo mtu wa safu ya mbele angeona migongo tu. Kwa kushusha sakafu, macho yanapita juu ya vichwa vyao. Wakawajengea pia vyumba vyao vya kubadilishia nguo, kwa sababu vya soka havitoshi kikosi cha watu zaidi ya 50. Oktoba 6, 2019 Raiders na Bears wakafungua dimba, Raiders wakashinda 24-21, na Spurs walipouhitaji uwanja wao waliuvuta tu kutoka chini ya jukwaa.

Kuna watakaosema: basi wangejenga uwanja wa soka tu, wakaachana na mengine. Sawa, lakini uwanja ule uligharimu takriban pauni bilioni 1, na timu yenyewe inacheza nyumbani siku 25 au 30 kwa mwaka. Siku zilizobaki unalala. Ndiyo maana mwaka 2023 Beyoncé aliimba pale siku tano. Real Madrid nao wameifanya Bernabéu iwe na nyasi inayozama chini, na Novemba 2025 NFL wakaenda kucheza huko. Tofauti ni kwamba Madrid matamasha yalisimama mwaka 2024 baada ya majirani kulalamikia kelele. Wahandisi waliikumbuka nyasi, masikio ya majirani yakasahauliwa.

Tena si kila kushirikiana kunafanana. Uwanja wa mpira wa Kimarekani ni mrefu kiasi lakini ni mwembamba kuliko wa soka, hivyo mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kumsogeza shabiki nyuma. Riadha ndiyo adui. Mwaka 2011 Tottenham na West Ham waligombea uwanja wa Olimpiki wa Stratford. Spurs walitaka kuuvunja na kujenga wa soka pekee, wakakosa. West Ham wakapewa na sharti la kubaki na riadha, wakahamia 2016, na mpaka leo mashabiki wao wanalalamika kwamba goli liko mbali. Aliyewahi kukaa nyuma ya goli kwa Mkapa anajua wanachokisema, kona inapigwa kule wewe unaulizia kwa jirani nani kagusa.

Kwa hiyo mnaotaka kuwalaumu Tottenham, lawama zipo, ila ziko mlango wa pili. Machi 2024 klabu ilipandisha bei ya tiketi za msimu na kuanza kubana punguzo la wazee, watu waliokaa White Hart Lane tangu ujana wao. Tuliambiwa mapato ya mgeni yangeinufaisha klabu. Mbona basi mzee wa pale mtaani ndiye anayeongezewa bei? Na mtaa wenyewe ni miongoni mwa mitaa yenye hali ngumu London, ndiko machafuko ya Agosti 2011 yalikoanzia. Halmashauri ya Haringey iliilegezea klabu masharti ya nyumba za bei nafuu ili mradi usihamie kwingine. Hilo linanikera kuliko kofia zote za NFL. Lakini kibandani hulisikii, kwa sababu kucheka mechi ya Wamarekani ni rahisi kuliko kuuliza nani alifaidika.

Mtauliza hili linatuhusu nini sisi tunaosubiri boom. Linatuhusu, kwa sababu viwanja vya kutumia pamoja ndivyo tulivyo navyo. Simba na Yanga wanategemea Mkapa, na Mei 2025 Simba walilazimika kupeleka fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane kule Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa katika hali nzuri. Fainali ya Afrika! AFCON 2027 inakuja, na viwanja vipya kama wa Arusha na ule wa Talanta, Nairobi, vitabaki baada ya wageni kuondoka. Nani atavitumia na nani atalinda nyasi ni swali la kuuliza sasa.

Na hapa chuoni msinifanye niseme sana. Uwanja wetu mmoja unabeba ligi ya vitivo, mahema ya mahafali, bonanza, kampeni za serikali ya wanafunzi, na lori la spika linaloegeshwa kwenye boksi la goli la chini. Baada ya mahafali yaliyopita mashimo ya nguzo za mahema yalibaki wazi, na kwenye ligi vijana wawili walitegua vifundo vya miguu kwenye shimo lilelile. Hakuna anayedai masinia ya tani 3,000. Tunachoomba kwa ofisi ya michezo na kwa serikali ya wanafunzi ni vitu vitatu vya bei ya chini kabisa: mahema yakae upande wa maegesho, lori lisivuke mstari, na baada ya kila tukio kubwa uwanja upewe wiki tatu za kumwagiliwa bila mechi. Kikao cha bajeti ni mwezi ujao, na wawakilishi wa vitivo wana nafasi ya kuliweka kwenye ajenda.