Mwaka wa kwanza wa sheria ni kazi ya nyumba yote

Kila mwaka, kisha matokeo ya egzamini ya Leta kutoka, habari ni ileile mu kartie zetu, kuanzia Ruashi mpaka Kolwezi. Watoto wanamwagiwa poda nyeupe ku kichwa, wamama wanaimba, na kesho yake baba anauliza: "Sasa utasoma nini?" Wengi wanajibu: "Sheria, tata." Baba anafurahi. Ametumika miaka mingi ku mine, na anajua maana ya kukosa mtu wa sheria mu jamaa. Siku ile walimpa karatasi ya kumutosha ku kazi, alitia sahihi bila kuelewa hata mstari moja.

Kisha furaha inakuja hesabu. Kuko minervali, silabusi, fotokopi, bisi ya kila siku, na kwa wenye kutoka mbali, nyumba ya kupanga. Mshahara wa baba unaishia ku unga na ku masomo ya wadogo. Basi mtoto mwenyewe anatafuta kazi. Mmoja anaendesha taksi ya pikipiki, mwingine anauza inite za telefone, mwingine analala zamu ku depo, mwingine anaenda kupakia mifuko ya minerai kama mtu wa kulipwa kwa siku. Asubuhi anafika mu oditware na macho mekundu, nafasi za mbele zimejaa, anasimama ku mulango na hasikie mwalimu.

Kuko watu wanaosema: "Asiye na franga aache chuo kikuu." Kuko wengine wanaosema: "Mwanafunzi asitumike, asome tu." Sisi hatukubali hata moja ya maneno haya. La kwanza linafungia mtoto wa mchimbaji mulango. La pili ni zuri kwa nyumba yenye feza, lakini mu nyumba zetu kuacha kazi ni kuacha masomo. Swali letu ni lingine: namna gani mtoto atatumika bila kupoteza ule mwaka wa kwanza?

Tuseme kwanza kwa nini mwaka huu ni mgumu. Mtoto alikuwa wa kwanza mu klasi yake, akizoea mwalimu anayemjua kwa jina. Sasa yuko katikati ya mamia ya watu. Kifaransa chenyewe si kile alichojifunza. Neno "mineur" nyumbani kwetu ni baba mwenye kofia na taa anayeenda ku mine. Mu sheria ya watu na jamaa, "mineur" ni mtoto asiyefikisha miaka 18. Neno "meuble" kwetu ni kiti na meza, lakini mu sheria hata gari ni "meuble", juu inaweza kutolewa pahali pamoja na kupelekwa pengine. Maneno kama haya yako mamia, na hayaingie mu bongo usiku moja mbele ya egzamini. Yanataka kusomwa kidogo kidogo, kila siku. Na kile mtoto anayetumika anakosa zaidi ni hii "kila siku".

Tufanye hesabu pamoja. Wiki moja iko na saa 168. Kijana anayetumika saa 12 kwa siku, siku sita, ametoa saa 72. Aondoe usingizi wa saa sita kwa usiku, ni 42. Zinabaki 54 kwa njia, kula, kuoga, kilio cha jirani, masomo ya chuo na kusoma nyumbani. Haiwezekane. Na tena, Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kazi isipite saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zile zinazopita ni saa za ziada, na zinalipwa zaidi. Kijana huyu anasoma sheria asubuhi, na usiku sheria ileile inavunjwa ku mgongo wake.

Kuko jambo lingine ndani ya kode hiyo ambalo kila nyumba ya mchimbaji ingepaswa kulijua. Article 40 inasema hivi: mtu wa kulipwa kwa siku, akiisha kutumika siku 22 mu miezi mbili, na wakimchukua tena mbele miezi hiyo mbili iishe, kontra mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Wangapi kati yetu wametumika "kwa siku" miaka mitatu, mine, wakiamini hawana haki yoyote? Hii ndiyo faida ya kuwa na mtoto wa sheria ndani ya nyumba, na haingoje awe avoka. Hata mu mwaka wa kwanza anaweza kufungua kode na kusomea baba yake.

Basi tunasema na kila mmoja.

Kwa wewe mwanafunzi: chagua kazi yenye saa zinazojulikana, hata kama inalipa kidogo. Kazi ya Jumamosi na Jumapili, ao ya mangaribi, inafaa kuliko zamu ya usiku. Soma maandiko ya siku siku ileile, hata nusu saa, mbele ya kulala. Mukuwe watu wanne: mununue silabusi moja, mmoja asome kwa sauti, wengine waulize. Anayetumika siku moja apewe maandiko na mwenzake, na yeye afanye vile siku nyingine. Juu ya egzamini, sema na kapita mapema, tena kwa barua. Usingoje siku yenyewe. Na usidanganye nyumbani. Kama somo limeanguka, sema limeanguka. Kuko sesio ya pili, lakini haisaidie mtu aliyeficha mpaka mwisho.

Kwa wazazi: mshahara wa mtoto anayesoma usihesabiwe mu posho ya nyumba. Huo ni wa masomo yake. Na binti zetu, hapa tuseme wazi. Kijana akirudi chuo tunasema amechoka, apumzike. Binti akirudi tunamwambia achote maji, apike bukari, aoge wadogo. Ile nayo ni kazi, ingawa hakuna anayeilipa. Ikifika saa ine ya usiku ndipo anafungua silabusi, na moto umekatika. Kaka zake wachote maji. Hakuna aliyekufa juu ya kuchota maji.

Kwa wakubwa wa chuo: orario itoke mapema na isibadilishwe kila wiki, juu mwenye kutumika anapanga maisha yake juu yake. Minervali ilipwe kwa vipande bila kufukuza watu ku mulango wa egzamini. Silabusi isiwe biashara ya kutisha wanafunzi.

Kwa wenye kazi: mtu anayesoma si mutumishi mubaya. Kumpa posti moja isiyobadilika hakupunguze hata kilo moja ya kuivre.

Kwa nini tunasema haya kwa nguvu? Juu Kode ya mine, iliyobadilishwa mu mwaka 2018, inasema sehemu ya mia 15 ya redevanse ya mine iende kwa sekta, sheferi na komine, na kampuni zitoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya vijiji vinavyozizunguka. Hizo franga zinaulizwa na nani, kama mu kijiji hakuna anayeweza kusoma maandiko? Wengine watakuja kutusomea, ndiyo, lakini watasoma kwa faida ya nani?

Masomo ya sheria ni miaka mingi, kisha ni staji. Hatuahidi utajiri kwa mtu. Lakini wengi wanapotea mu ule mwaka wa kwanza, na hawapotei juu ya kukosa akili. Wanapotea juu ya usingizi, njaa na silabusi moja waliyokosa kununua. Hayo matatu, nyumba yote ikikaa pamoja leo mangaribi na kugawa kazi, inaweza kuyapunguza. Tuanze hapo.