Waandishi wa Maelekezo Wafundwe Upya

Mzazi wa Kilole, Korogwe, alibadilishiwa somo la kutibu malaria mara tatu ndani ya miaka kumi. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, ikaja dawa ya SP. Nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza homa ipimwe kwanza, ndipo dawa itolewe.

Utafiti wa mabadiliko hayo ulifanywa na wataalamu, lakini kazi ya kumweleza mzazi ilimwangukia mtu asiyetajwa: yule anayeandika bango, kijikaratasi cha dawa na mwongozo wa muuza duka la dawa muhimu. Huyo ndiye ninayemsemea leo.

Tazameni ugumu wa kazi yake. SP ilimezwa mara moja, ikaisha. Mseto una dozi sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ile ya kwanza. Mtoto akianzishiwa dawa saa 12 jioni, dozi ya pili inaangukia saa 8 usiku. Mama ameshinda shambani, homa imeshuka, mtoto amelala fofofo. Atamwamsha? Na akimwamsha atampa na nini, maana dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na maziwa au chakula chenye mafuta? Karatasi isiyomwambia mama aweke uji pembeni kabla ya kulala haijamaliza kazi, hata ikiwa Kiswahili chake ni sanifu kupindukia.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo vinavyowaandaa waandishi na wafasiri: msiwajaze vijana programu za kompyuta mkadhani mmewaandaa. Programu ya leo haitamaliza miaka mingi, na sasa zipo mashine zinazotoa kurasa kumi kabla chai haijapoa. Mfundisheni kijana kwenda na rasimu yake zahanati, ampe mama asome, kisha anyamaze. Amwombe aoneshe kwa vidonge atakavyofanya. Hapo ndipo kosa litaonekana, na kijana asione haya kuandika upya.

Mfundisheni pia kubandua. Kwa miaka mingi tuliwahimiza wazazi wawahi dawa ya malaria mtoto akipata homa. Leo tunasema pima kwanza. Bango la zamani likibaki ukutani kando ya jipya, mzazi atashika lile alilolizoea, na hatuna haki ya kumlaumu.

Walimu wa kazi hii Korogwe inao. Kati ya 2009 na 2014 mji huu ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Mzazi alipaswa kuelewa jaribio hilo kabla ya kutia sahihi ya kumruhusu mtoto wake. Asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Wapo wauguzi na wahudumu waliokaa na wazazi hao, wakajibu maswali ambayo hakuna kijitabu kilichoyatarajia. Waalikeni darasani mwaka huu, na muwalipe kama mnavyowalipa walimu wengine.